Shule yetu inunue vitabu vya chapa au vifaa vya kusomea?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na ndiye ninayesimamia maktaba ya shule. Wahitimu wetu wa zamani wametuchangia shilingi milioni 12 kwa ajili ya maktaba hiyo. Baadhi ya wajumbe wa bodi wanasema zama za kitabu cha karatasi zimekwisha, na wamempata mfanyabiashara aliye tayari kutuuzia vifaa 30 vya kielektroniki vya kusomea kwa fedha hizohizo, kila kimoja kikiwa na maelfu ya vitabu ndani yake. Mimi nina mashaka, ila sina hoja za kitaalamu za kupeleka kikaoni. Je, ni kweli kwamba kitabu cha chapa kinaelekea kufa? Na sisi tufanyeje?

Jibu: Ndugu Mwalimu, nianze na jibu lenyewe ili usilitafute hadi mwisho: sehemu kubwa ya fedha hizo inunue vitabu vya chapa. Silisemi hilo kwa kuvichukia vifaa. Nimefanya kazi ya uhariri na ukutubi kwa muda mrefu, na vitabu vingi ninavyovisoma usiku navisomea kwenye kifaa cha aina hiyohiyo wanayoizungumzia wajumbe wenu. Nalisema kwa sababu hoja yao imeunganisha mambo mawili yasiyotegemeana, yaani hatima ya kitabu cha chapa duniani, na kufaa kwa kifaa hicho kwa wanafunzi wenu, ambao kwa sehemu kubwa wanahitaji kusoma vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili na Waafrika wenzao. Hata kama jambo la kwanza lingekuwa kweli, la pili lingebaki na majibu yake.

Kwanza ulizeni mnauziwa nini hasa, kwa kuwa maneno «kifaa cha kielektroniki cha kusomea» yanabeba vitu viwili tofauti. Kimoja ni kishikwambi, ambacho kioo chake hutoa mwanga kama simu janja, kina rangi, kinacheza video, na betri yake humalizika kwa siku moja ya matumizi. Cha pili ni kifaa kinachotumia wino wa kielektroniki, mfano wa Kindle au Kobo, kisichofanya takriban lolote zaidi ya kuonyesha maandishi. Kioo chake kimepangwa vidonge vidogo mno, vyenye upana unaokaribia ule wa unywele, na ndani ya kila kidonge mna kimiminika pamoja na chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukielekezwa upande mmoja, chembe nyeupe hupanda juu na mahali hapo huonekana peupe. Ukigeuzwa, chembe nyeusi ndizo zinazopanda, na hizo ndizo herufi unazozisoma. Zikishapanda hubaki zilipo bila kuhitaji umeme tena hadi ufungue ukurasa mwingine, na ndiyo sababu betri ya kifaa hicho huweza kudumu wiki kadhaa. Kwa kuwa kinasomeka kwa mwanga unaokipiga kutoka nje kama karatasi, ukikaa nacho juani chini ya mwembe maandishi huonekana vizuri zaidi, wakati kishikwambi hapo hukuonyesha uso wako mwenyewe.

Teknolojia hiyo ilitokana na kazi iliyofanyika katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako kampuni ya E Ink iliundwa mwaka 1997. Sony waliitumia katika kifaa walichokiuza Japani mwaka 2004, na Amazon wakaleta Kindle ya kwanza Novemba 2007 kwa dola 399. Kufikia mwaka 2011 walikuwa na toleo la dola 79. Naitaja historia hii kwa sababu vifaa hivi viwili huchanganywa hata katika mabishano ya kiafya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2014, ambao hadi leo hutajwa kila mtu anaposema kwamba vifaa vya kusomea huharibu usingizi, ulitumia kishikwambi chenye kioo cha mwanga, tena kwa watu 12 tu. Kumbebesha wino wa kielektroniki lawama za utafiti huo si haki, japo matoleo mengi ya siku hizi yana taa ndogo pembeni zinazomulika uso wa kioo na mtu anaweza kuzizima.

Sasa, tuseme vifaa vyenu ni vya wino wa kielektroniki, ambavyo kwa kusoma ndivyo bora. Chukueni kimoja mikononi mkifanyie jaribio rahisi: mwombeni mfanyabiashara awafungulie humo kitabu cha kiada cha Biolojia au Jiografia katika muundo wa PDF. Kioo cha vifaa vingi vya bei nafuu kina inchi 6, yaani ni kidogo kuliko daftari la mwanafunzi, na kwa kawaida ni cheusi na cheupe. PDF ni picha ya ukurasa uliokwisha pangwa. Haijipangi upya kwa kufuata kioo kilichopo. Ukurasa uliopangwa kwa ukubwa wa kitabu cha kiada ukibanwa kwenye inchi 6, herufi zake huwa ndogo kiasi cha kuumiza macho, na ukizikuza inakubidi uuburute ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari, huku kioo kikisitasita kila unapousogeza. Mchoro wa moyo wenye mishipa myekundu na ya buluu hutoka wote kijivu. Kitabu cha muundo wa EPUB hakina shida hiyo, kwa kuwa maandishi yake hujipanga upya kwa ukubwa autakao msomaji, lakini vitabu vyetu vingi vya shule havikuandaliwa hivyo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo, na ni hazina kubwa. Ila ni vya kusomea kwenye kompyuta au kishikwambi kikubwa, wala si kwenye kifaa cha aina hii.

Kuhusu kufa kwa kitabu cha chapa, utabiri huo si mpya, na tayari tunaweza kuupima. Mei 2011 Amazon walitangaza kwamba Marekani walikuwa wakiuza vitabu 105 vya Kindle kwa kila 100 vya karatasi, na mwaka huohuo mtandao mkubwa wa maduka ya vitabu wa Borders ulifilisika. Wakati huo kusema kwamba karatasi imebakiza miaka kumi hakukuonekana upuuzi. Lakini miaka michache baadaye ukuaji wa vitabu vya kielektroniki nchini humo ulisimama, na hadi leo ni karatasi inayoleta sehemu kubwa ya mapato ya wachapishaji. Nchini Uingereza maduka ya Waterstones yaliyokuwa yakiuza Kindle yaliacha kuziuza mwaka 2015 kwa kukosa wanunuzi, na Barnes & Noble ya Marekani, iliyokuwa ikizikwa kila mwaka na waandishi wa habari za biashara, sasa inafungua matawi mapya.

Hata hivyo kuna mahali ambapo karatasi imeshindwa kweli, na tusijidanganye. Encyclopaedia Britannica ilisimamisha toleo lake la chapa mwaka 2012, baada ya miaka 244. Majarida ya kisayansi, hukumu za mahakama, takwimu, na kamusi zinazofunguliwa kwa ajili ya neno moja kisha zikafungwa zimehamia mtandaoni, na sidhani kama zitarudi. Ukiangalia utaona kwamba vilivyohama ni vitabu vya kuchungulia. Kile kinachosomwa ukurasa kwa ukurasa kutoka mwanzo hadi mwisho kimebaki na mashabiki wake wa karatasi hata katika nchi ambazo kifaa ni rahisi kupatikana na umeme haukatiki. Kwa hiyo, Mwalimu, kama maktaba yenu bado ina ensaiklopidia kongwe zinazokula nafasi ya rafu mbili, hizo zitoeni bila majuto.

Kwa shule hoja nzito zaidi ni ya kujifunza. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israeli walikusanya matokeo ya tafiti 54, zilizohusisha zaidi ya washiriki 170,000, waliosoma matini zilezile kwenye karatasi na kwenye vioo. Waliosoma karatasi walielewa zaidi, hasa pale matini ilipokuwa ya maarifa na muda ulipokuwa na kikomo, yaani katika mazingira yanayofanana na ya mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Kwa hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Mimi nilichoona cha maana zaidi ni kwamba faida ya karatasi haikupungua katika tafiti za miaka ya karibuni, bali iliongezeka, jambo linalodhoofisha madai kwamba watoto waliozaliwa na simu mkononi watazoea tu. Sweden, nchi iliyotangulia wengi kupeleka kompyuta madarasani, mwaka 2023 ilitenga kronor milioni 685 za kununulia shule vitabu vya chapa. Majirani zetu Kenya nao walianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa shule za msingi, na wakafikisha vifaa zaidi ya milioni moja katika shule zaidi ya 20,000. Lakini kuanzia Januari 2018 serikali hiyohiyo ilianza kununua vitabu vya kiada vya chapa na kuvifikisha moja kwa moja shuleni. Kumpa mwanafunzi kishikwambi hakukuiondolea serikali gharama ya kitabu.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo wajumbe wenu hawakuliuliza, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote: nani anamiliki nakala. Kitabu cha chapa mlichokinunua ni mali ya shule. Mnaweza kukiazimisha mara mia, kukishona kikichanika, kukitoa zawadi au kukikuta kikiwa rafuni baada ya miaka thelathini, na mchapishaji akifilisika hakuna atakayekuja kukichukua. Kitabu cha kielektroniki kwa kawaida hakiuzwi. Kinachouzwa ni ruhusa ya kukisoma, inayofungamanishwa na akaunti ya mtu mmoja na kulindwa kwa kufuli ya kidijitali. Julai 2009 wateja wa Amazon waliamka wakakuta vitabu viwili vya George Orwell vimefutwa ndani ya Kindle zao, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Walirudishiwa fedha na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi, lakini kila mtu alikwisha kuona mlango uko wapi. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja nao walirudishiwa fedha. Februari 2025 Amazon waliondoa njia iliyokuwa ikimwezesha mteja kupakua faili za vitabu alivyonunua hadi kwenye kompyuta yake na kuzihamisha kwa waya. Barani kwetu, OkadaBooks ya Nigeria, iliyokuwa soko muhimu la vitabu vya kielektroniki vya waandishi wa huko, ilifunga huduma zake mwishoni mwa Novemba 2023.

Kwa msomaji mmoja mwenye kipato, hayo ni maudhi tu. Kwa maktaba ni suala la uhai, kwa sababu kazi ya maktaba ni kuazimisha na kuhifadhi, na leseni ya kawaida ya mtu binafsi hairuhusu la kwanza wala haihakikishi la pili. Hebu jiulizeni pia akaunti ya vifaa hivyo 30 itafunguliwa kwa jina la nani, kwa barua pepe ya nani, na kwa kadi ya benki ya nani. Mwalimu huyo akihamishiwa Rukwa, maktaba ya shule inahama naye.

Hapo ndipo maneno «maelfu ya vitabu ndani yake» yanaponitia wasiwasi. Vinatoka wapi? Vyanzo halali vya vitabu vya bure vipo. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina makumi ya maelfu ya vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, lakini karibu vyote ni vya Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, na vingi viliandikwa kabla babu zetu hawajazaliwa. African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi nzuri za Kiswahili zinazoruhusiwa kunakiliwa, ila ni za watoto wanaoanza kusoma. Mwanafunzi wenu wa kidato cha tatu anayetakiwa kusoma riwaya, tamthilia na diwani za Kiswahili zilizomo kwenye muhtasari hatazipata katika vyanzo hivyo viwili. Zikiwa zimo katika vifaa hivyo bila malipo, upo uwezekano mkubwa kwamba ni PDF za wizi, zile zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp na Telegram, zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole cha mpiga picha kikiwa bado kinaonekana pembeni. Shule haiwezi kujenga maktaba juu ya msingi huo. Mwandishi aliyeibiwa huenda akawa mwalimu mstaafu wa wilaya ya jirani, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, haimsamehi mtu kwa kuwa tu alinunua akiwa na nia njema.

Kuhusu uimara sitasema mengi, kwa kuwa mnalijua bweni lenu kuliko mimi. Itoshe kusema kwamba ndani ya kioo cha wino wa kielektroniki mna bamba jembamba la glasi ambalo linaweza kupasuka bila ufa wowote kuonekana kwa nje. Unachokiona ni nusu ya ukurasa kubaki na mistari isiyofutika. Katika mradi wa majaribio wa Worldreader, shirika linalowapelekea wanafunzi vitabu vya kielektroniki, ulioanza nchini Ghana mwaka 2010, wanafunzi walipata vitabu vingi kuliko waliowahi kuviona na walivisoma, hilo lazima lisemwe, lakini takriban vifaa vinne katika kila kumi viliharibika. Vifaa viliimarishwa baadaye, na shirika lenyewe likazidi kuelekea kwenye simu. Kifaa kimoja kikivunjika shuleni kwenu mmepoteza shilingi 400,000 kwa hesabu ya huyo mfanyabiashara, na fundi wa kubadilisha kioo hicho Tanga hapatikani kirahisi. Kitabu kikianguka mtoni hupotea kitabu kimoja.

Nisije nikaeleweka kwamba naona kitabu cha chapa kiko salama hapa kwetu. Hakiko salama, ila kinachokitishia si hicho kifaa. Watu wetu waliokwisha kununua Kindle ni wachache mno kuweza kumfilisi mchapishaji yeyote. Kinachokitishia ni karatasi. Kiwanda cha Webuye nchini Kenya kilifungwa mwaka 2009, na kile cha Mgololo wilayani Mufindi, kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1980, leo kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za mifuko na vifungashio. Karatasi ya kuchapia vitabu hutoka nje kwa fedha za kigeni, na wachapishaji wengi huona nafuu kupeleka kazi nzima India kisha kuingiza vitabu vilivyokwisha fungwa. Dola ikipanda, bei ya riwaya Kariakoo inapanda, hata kama mwandishi, mhariri na msomaji wote wako Dar es Salaam. Kenya waliongeza mzigo mwaka 2013 walipoanza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kodi ambayo awali haikuwapo.

Pamoja na karatasi kuna hesabu ya idadi. Gharama kubwa ya uchapaji ni maandalizi: uhariri, upangaji wa kurasa, bamba za mashine. Ukichapa nakala 500, gharama hizo zinagawanywa kwa 500. Ukichapa 5,000 zinagawanywa kwa 5,000, na bei ya kitabu inashuka kwa kiasi ambacho msomaji anakihisi mfukoni. Mchapishaji wa Kiswahili huogopa kuchapa nyingi kwa sababu hana mahali pa kuziuza, kwani nje ya miji mikubwa duka la vitabu ni steshenari inayouza madaftari, kalamu na vitabu vichache vya mitihani. Na kitabu kikibahatika kuchaguliwa kwa ajili ya mtihani wa taifa, kopi za wizi huwahi kufika mitaani kabla ya mzigo wa mchapishaji mwenyewe. Ndiyo maana maktaba ya shule inayonunua nakala 40 za riwaya moja inafanya kazi kubwa zaidi ya kuwapatia wanafunzi vitabu: ni mteja ambaye mchapishaji anaweza kumtegemea anapoamua achape ngapi.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba teknolojia ya kidijitali imekisaidia kitabu cha chapa zaidi ya ilivyokidhuru. Siku hizi faili ikiwa tayari, mashine huweza kuchapa nakala moja pale mteja anapoiagiza, bila ghala wala hasara ya mabaki. Kwa njia hiyo African Books Collective, shirika lenye makao yake Oxford linalosambaza vitabu vya wachapishaji wa Afrika, wakiwamo Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, huwafikia wasomaji na vyuo vya Ulaya na Marekani kwa vitabu ambavyo zamani vingebaki kusemwa kwamba vimekwisha. Bei ya nakala moja huwa juu, kwa hiyo si njia ya kununulia vitabu vya darasa zima, lakini imeviokoa vitabu vingi visitoweke.

Usomaji wa kidijitali wa Kiswahili nao upo, na una nguvu, ila umepita njia yake mwenyewe. Mwaka 2007 ulizaa Kindle mwezi Novemba, na miezi minane kabla yake ulikuwa umeizaa M-Pesa nchini Kenya. Kwa msomaji wetu ile ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Hadithi za mapenzi, za upelelezi na za majini ambazo zamani zilitoka sehemu kwa sehemu magazetini, sasa hutoka sehemu kwa sehemu kwenye Facebook na WhatsApp. Mwandishi anakatisha pale mlango unapogongwa usiku wa manane, na anayetaka kujua nani anagonga anatuma fedha kwa simu na kuunganishwa kwenye kundi la waliolipia. Hakuna kadi ya benki, hakuna akaunti ya ng'ambo, na kifaa cha kusomea ni simu ileile ya kupigia. Wasomi wenzangu wengi huzidharau hadithi hizo. Mimi naona ndizo zinazoonyesha kitabu cha kielektroniki cha Kiswahili kitakuwa cha namna gani, na kifaa mnachouziwa hakimo kwenye mchoro huo.

Turudi kwenye milioni 12 zenu. Tukikadiria shilingi 15,000 kwa nakala, milioni 9 zinawapatia vitabu 600. Kwa maoni yangu msinunue vichwa 600 kimoja kimoja kwa ajili ya kupendezesha rafu. Kwa vile vya fasihi vilivyomo kwenye muhtasari chukueni nakala 30 au 40 kwa kila kichwa, ili darasa zima lisome kwa wakati mmoja na mwalimu aweze kusema «fungueni ukurasa wa 52». Fedha zitakazobaki katika fungu hilo zinunue vitabu vya kusoma kwa kujifurahisha, vichwa vingi vyenye nakala mbili mbili, na orodha yake waachieni wanafunzi wenyewe waipendekeze. Milioni moja na nusu iende kwenye rafu, rejista, majalada ya plastiki, gundi na uzi wa kushonea, kwa sababu kitabu cha maktaba hufa kwa mgongo kuachia kabla ya jambo lingine lolote, na kukishona ni kazi ambayo klabu ya maktaba inaweza kufundishwa kwa siku moja.

Sehemu ya kidijitali huenda mnayo tayari. Vishikwambi zaidi ya laki mbili vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilielekezwa kwenye sekta ya elimu, na ikiwa shule yenu ni ya serikali, yumkini baadhi ya walimu wenu wanavyo. Viwili au vitatu vikipangiwa zamu maktabani, vikiwa na bando na vimefunguliwa kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, vitawahudumia wanafunzi kwa vile vitabu vya kuchungulia nilivyovitaja, na shilingi inayobaki italipia bando na LUKU. Nikubali jambo moja tu ambalo ningelinunulia kifaa cha wino wa kielektroniki bila kusita: kama mna mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Kukuza herufi hadi ukubwa anaoumudu ni jambo ambalo hakuna kitabu cha chapa kinachoweza kulifanya, na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania, Kenya na Uganda zimejiunga nao, unafungua njia ya kutengeneza nakala zinazofaa kwa wasomaji wa aina hiyo bila kuvunja hakimiliki. Kwa ajili yake, kimoja au viwili vinatosha, na mhakikishe vinasoma EPUB.

Kikaoni, mwombeni mfanyabiashara alete kwa maandishi mambo matatu: orodha ya vitabu vilivyomo ikionyesha mchapishaji wa kila kimoja na ruhusa iliyotolewa, jina litakalomiliki akaunti, na dhamana ya kioo kikipasuka. Kama bodi itakubaliana nawe, agizeni vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji badala ya kupitia madalali, mwombe punguzo la shule, ambalo wengi hulitoa kwa oda ya nakala nyingi, na mtake ankara inayotaja ISBN, yaani namba ya utambulisho, ya kila kitabu ili mpate toleo lililomo kwenye muhtasari wa sasa. Oda hiyo ipelekeni mwezi wa Oktoba au Novemba. Ikifika Januari, shule zote zinaagiza kwa pamoja na nakala huisha mapema.